Mzee wa Kuchomoa Ufunguo

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba sijui kuendesha lori alikuwa hajawahi kuniona nikiendesha chochote. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la yadi pale Babati, leseni ya magari makubwa mfukoni, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanitazama miguu kabla ya uso.

"Marahaba. Wewe ni wa trekta," akasema. "Unasimama umetanua miguu, kama mtu aliyezoea kutikiswa."

Nilicheka kwa adabu, maana ilikuwa kweli. Usukani wangu wote niliujulia mashambani, bonde la Kiru, juu ya trekta. Tangu saa ile jina langu yadini likawa Trekta. Hata mke wangu, ambaye huniita Baba Neema na hajui jina lingine, alipokuja siku moja kuniletea chakula aliulizwa getini kama anamtafuta Trekta, akajibu kwamba kwake hawana trekta, wana ng'ombe wawili.

Yule mzee wa getini tulimwita Dereva Mkubwa. Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitumia. Alikuwa ameteremka kutoka Mbulu zamani sana, ila Kiswahili chake hakikuteremka chote. Akikasirika, maneno yalirudi kupanda mlima, sisi tukabaki kukisia tumetukanwa nini.

Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Tulikuwa tumezoea kwamba kila jambo kubwa liko Arusha, ghafla tukaambiwa makao makuu ni hapa hapa kwetu, na mji ukashikwa na homa ya kujenga. Saruji, nondo na mabati viliingia. Mahindi na mbaazi vikatoka. Mwenye lori alikuwa hapumziki. Mwenye malori yetu alikuwa mama mjane aliyekuja na mumewe kutoka mkoa mwingine kufungua duka la spea. Mume alipofariki watu walikaa mkao wa kununua malori kwa bei ya kutupa. Mama hakuuza hata moja, akaongeza. Sisi tulimwita Tajiri, kama madereva wanavyomwita yeyote mwenye gari, awe na mali au awe na madeni tu.

Tajiri huyo hakuamini leseni. Alisema leseni inaonyesha sura ya mtu, haionyeshi kichwa chake. Kwa hiyo yadi ilikuwa na utaratibu wake. Dereva mgeni alipewa safari moja, Dereva Mkubwa akakaa kiti cha kushoto. Mkirudi, mkiingia getini na injini ikazimwa, wote waliokuwepo waliacha kazi na kutazama. Mzee akishuka mikono mitupu, ufunguo ukabaki pale ulipo, basi lori ni lako. Lakini akinyoosha mkono, akauchomoa, akatangulia kushuka ameushika, umeshindwa. Unarudi kuosha malori na kufunga maturubai mpaka siku atakayojisikia kutoka na wewe tena. Hakuna hotuba, hakuna rufaa. Na mimi nilikuwa nimeacha kazi ya trekta kwa mbwembwe, nimewaambia majirani wote wa Singe kwamba sasa watanipungia mkono nikipita na semi, lori la tela. Bila ufunguo ule nilikuwa nimekwisha.

Alikuwa mtu wa vituko, lakini vituko vyake vyote vilikuwa na sababu zake. Kila asubuhi alizunguka lori na kipande cha bomba, anagonga tairi moja moja na kutega sikio. Baada ya hapo alipanda, akavua kofia, akasali macho yakiwa wazi, anatazama kioo cha pembeni. Nilimuuliza kwa nini hafumbi macho kama Walutheri wenzake.

"Mungu anajua niko kazini," akasema.

Alikuwa mtu wa kuburuta tela refu kuliko nyumba yake, lakini pikipiki aliiogopa kama simba. Bodaboda zilipoingia Babati, sisi wote tukazipanda, yeye aliendelea kwenda kwa miguu mpaka kwake Sigino. Alisema hapandi chombo ambacho dereva wake hajaota hata mvi moja. Nikamwambia lakini mimi nilikuwa sina mvi alipopanda nami mara ya kwanza. Akajibu kwamba siku ile alikuwa ameaga kabisa nyumbani.

Alituonya tusinunue vitu njiani, eti dereva anayesimama kila gulio hafiki. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita Singida bila kurudi na kuku. Na si kuku wa kufungwa nyuma kwenye mzigo, hapana. Kuku wa mzee alisafiri mbele, miguu imefungwa, amelazwa sakafuni katikati yetu. Mwanzoni nilidhani ni ubahili wa kuogopa kuibiwa. Kumbe kuku alikuwa na kazi. Ukikata kona vibaya, analia. Ukikanyaga breki kwa pupa, anapiga mabawa na vumbi la manyoya linakujia usoni. Mzee alimtazama kuku tu, kisha akanitazama mimi, kama waliokubaliana wawili hao kwamba mimi ndiye tatizo. Safari moja ya baadaye, mimi nikiwa usukani, tulitoka Singida mpaka Babati, kuku akataga katikati ya Katesh na Babati. Nilijawa na furaha kama mtu aliyepokea cheti. Mzee akaliokota yai, akaligeuza geuza.

"Angetaga hata hivyo," akasema.

Usifikiri alikuwa mkimya. Alipenda maneno, ila sifa ndizo zilizomshinda kutoka mdomoni. Mkewe, mama mcheshi aliyetukaribisha uji kila tulipopita Sigino, aliwahi kuniambia kwamba tangu wamefunga ndoa amesifiwa mara moja, na ni kwa sababu alisukuma gari lilipokwama.

Sasa nikueleze nilivyonyang'anywa ufunguo mara ya kwanza, maana yadini hadithi hiyo ilisimuliwa mpaka ikaota ndevu. Tulikuwa tumepakia mbaazi, tunaelekea njia ya Dodoma, wakati huo bado ni vumbi tupu. Unaipita Bonga, halafu mlima unaanza, unapanda kwenda Bereko. Nilikuwa nimeshika gia nzito, injini inanguruma vizuri, kuku ambaye mzee alimnunua Singida wiki ile yuko kimya. Mara, pembeni ya barabara, nikamwona baba mkwe wangu anatembea na jembe begani.

Wewe ungefanya nini? Kwetu mkwe hapitwi. Mkwe ukimpita bila salamu, habari inafika nyumbani kabla yako, na mke hakupi chakula bila kukupa na neno. Kwenye trekta nilikuwa nimesimama kwa ajili yake mara nyingi, nazima injini kabisa, navua kofia, tunaulizana hali za ng'ombe. Basi mguu wangu ukafanya ulivyozoea. Nikakanyaga breki katikati ya mlima, na tela limejaa mbaazi mpaka juu.

"Shikamoo, baba!" nikaita dirishani.

"Marahaba, mwanangu! Neema hajambo?"

"Hajambo, baba. Na huko shamba?"

Dereva Mkubwa alikuwa amefumba macho. Ndiyo siku pekee niliyomwona amefumba. Nilipojaribu kuondoka, lori likaguna, likatetemeka, likaanza kurudi nyuma taratibu kama mtu anayeondoka kwenye karamu bila kuaga. Kuku akapiga kelele, mimi nikapiga kelele. Mzee akapiga kelele ya Kimbulu, akaruka chini kutafuta mawe ya kuweka tairini. Na ni nani aliyefika wa kwanza na jiwe kubwa? Baba mkwe. Alitupa jembe, akabeba jiwe kifuani na umri wake ule, akalisukuma chini ya tairi, akasimama ananitazama akihema. Kisha akaleta la pili. Tulivyojinasua mlimani pale ni hadithi ndefu yenye vumbi na watu wa Bonga wengi wakisukuma kwa maneno tu.

Tulipokuwa tumeshika njia tena, mzee alikung'uta vumbi la kofia yake mpaka tulipoiona Bereko. Ndipo akasema, "Mkwe anasalimiwa Jumapili." Tuliporudi yadini alinyoosha mkono mapema kabla injini haijapoa, akachomoa. Nikaosha malori. Msemo ule ukaenea, na mpaka leo kuna madereva Babati wanaousema bila kumjua mkwe wala mlima.

Mara ya pili ilikuwa mlima ule ule, ila tunateremka. Kila dereva mpya ana ugonjwa mmoja: anataka kumfurahisha tajiri kwa kubana dizeli. Kwa hiyo akifika kwenye mteremko anaachia gari nyutro, bila gia yoyote, lijiendee lenyewe. Inapendeza sana. Injini inanyamaza, upepo unaingia, unajiona unaruka. Nami nilifanya hivyo, nikaegemea kiti, nikaweka kiwiko dirishani.

Mzee akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, ya kwaya. Niliusikiliza wimbo kidogo, nikatambua ni ule tunaouimba jeneza likiteremshwa.

"Mzee, mbona unaimba wa mazishi?"

"Naianza ibada mapema," akasema. "Tukifika chini sitakuwa na sauti."

Nilitafuta gia kwa mikono miwili. Gia ilikataa, lori limeshachanganya mwendo, nami nilikanyaga breki mpaka harufu yake ikatujaa pumzi. Ubeti wa pili ulipoisha ndipo gia ikakubali. Alimaliza ubeti wa tatu hata hivyo, kwa kuwa alisema si vizuri kukatisha wimbo wa Mungu. Sikungoja hata anyooshe mkono. Tulipoingia getini niliuchomoa ufunguo mwenyewe, nikampa. Wenzangu walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliupokea kwa mikono miwili, akashuka nao mbele ya watu.

Kwa muda ule nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Jirani aliyetakiwa kupungiwa mkono alianza kuniuliza kila asubuhi kama semi imefika. Mke wangu alinipakulia chakula bila kuniuliza habari za yadi, na hilo liliuma kuliko swali la jirani. Nilikwenda kumwona mkulima aliyeniajiri zamani huko Kiru, nikaambiwa trekta imeshapata mtu. Nilijua kwamba safari inayofuata nikikosa, nitarudi kulima kwa jembe la mkono, na nitalima karibu na barabara, niyaone malori.

Safari hiyo ilikuja Jumamosi ya Pasaka, tunatoka Dodoma na saruji. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Baada ya Kondoa tukafika kwenye korongo moja, barabara inalikata bila daraja, na maji yamelala juu ya barabara, ya rangi ya chai. Hayakuwa mengi kwa kuyatazama. Lori moja dogo, fuso, lilipita mbele yetu, likavuka, dereva wake akatupungia.

"Twende," mzee akasema.

Nikamtazama. "Mzee, sioni chini ya maji."

"Fuso limevuka. Twende, Trekta. Kesho Pasaka. Mama nyumbani ameshachinja."

"Fuso halina mzigo."

"Mimi nimevuka hapa wewe ukiwa unanyonya!"

"Inawezekana, mzee. Leo sivuki."

Alinisihi. Halafu akanikaripia, maneno yakaanza kupanda mlima wa Mbulu. Kisha akabadilisha, akanibembeleza kwa habari ya nyama. Nilizima injini, nikaweka mawe kwenye tairi, nikakaa. Nilijua niliyekuwa namkatalia ndiye aliyeshika maisha yangu. Alinuna kweli kweli. Alikula mkate wake amenipa mgongo. Siku ya Pasaka tuliisherehekea pale pale korongoni, yeye akiimba nyimbo zote za ufufuo peke yake, mimi nikiitikia kwa mbali, hajanigeukia. Maji yalipopungua tukaona shimo katikati ya njia, upande ambao fuso halikukanyaga. Mzee akalitazama, akapanda lori. Mimi nikaondoa mawe kwenye tairi.

Tuliingia Babati kesho yake. Nikazima injini. Watu wakaacha kazi. Mzee akafungua mlango, akashuka polepole, bado amenuna, akaenda zake Sigino bila kugeuka. Ufunguo ulikuwa umebaki mahali pake. Nilibaki nimekaa nikiutazama, nikaogopa hata kuugusa.

Kwa miaka mingi nilimuuliza kama siku ile ya korongo alikuwa ananijaribu. Alikasirika kila nilipouliza. "Kukujaribu kwa nini? Nilikuwa nataka nyama," alisema. Namwamini. Na ndiyo sababu nilimpenda mzee yule kuliko watu wengi walionitendea mema kwa makusudi: alitaka kitu kwa moyo wote, nikamnyima, na hata hivyo akasema kweli juu yangu.

Miaka ilikwenda. Lami ikaifikia Bonga, ikapanda mlima, ikaenda zake mpaka Dodoma. Neema akamaliza shule. Mimi nikaota mvi, nikamjulisha mzee kwamba sasa anaweza kupanda lori langu bila kuaga nyumbani. Ndipo siku moja Tajiri akaniita dukani, akanipa kiti. Kwenye duka lile ukipewa kiti, ujue neno ni zito.

"Baba Neema, mzee wako ameligonga geti kwa lori."

"Geti lile ni jembamba, mama. Hata mimi..."

"Ni mara ya pili. Na ananiambia nimelisogeza." Akapanga upya vichujio vya dizeli ambavyo vilikuwa vimepangika. "Nimemwambia aende hospitali wamwangalie macho, hataki. Mimi siwezi kumwambia ashuke. Alinisaidia kuyashika haya malori wakati kila mtu ananisubiri nianguke. Nenda naye Kondoa. Wewe ukae kushoto."

Nilimwambia amtafute mtu mwingine. Akasema mtu mwingine hayupo, na mimi nilijua hivyo. Mzee hakuwa na shamba la maana wala biashara. Alikuwa na mke, kuku, na ule usukani. Kumtoa pale ilikuwa kumtoa kwake mwenyewe.

Asubuhi alikuwa ameshagonga tairi zote. Alinifungulia mlango wa kushoto kwa mkono wake.

"Karibu, mkaguzi," akasema, akacheka. Alisali macho wazi, tukaondoka.

Nasema kweli, sijawahi kumwona mtu akipanda mlima wa Bereko vile. Gia ziliingia zenyewe. Hakuna kona ambayo hakuijua kabla haijafika. Tulizungumza, tukacheka watu wa zamani, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Tajiri kwamba geti kweli ni jembamba. Kondoa tulishusha mzigo, tukala, tukageuza.

Tukiwa tumemaliza mteremko, Bonga, niliona mbuzi wanaanza kuvuka. Nilingoja apunguze. Hakupunguza. "Mbuzi, mzee," nikasema, kwa sauti ya kawaida, na yeye akakanyaga breki mara moja, kwa ustadi, kama aliyekuwa amewaona. Nikajiambia amewaona. Mbele kidogo, mtoto wa kike na ndoo kichwani aliacha ukingo wa barabara akaanza kukata kwenda upande wa pili. Hakuangalia kwetu. Lori halikupungua.

"Mtoto! Mzee, mtoto!"

Lilisimama. Lilisimama mahali ambapo niliweza kuona maji yakitikisika ndani ya ndoo. Yule mtoto alitutazama, akatuamkia kwa adabu, akaendelea. Mzee aliitikia marahaba kwa upande ambao mtoto hakuwepo.

Njia iliyobaki aliendesha kwa gia ndogo mpaka Babati. Aliingia getini taratibu sana, akalivuka bila kuligusa, akazima injini. Watu wakaacha kazi. Tajiri alitoka akasimama mlangoni pa duka. Mkono wangu ulikuwa kwenye goti na haukutaka kunyanyuka. Niliutazama ufunguo, nikatazama nje, nikautazama tena.

"Milima naiona," mzee akasema polepole. "Naiona yote. Vinavyonishinda ni vidogo vidogo. Mbuzi. Baiskeli. Watoto."

"Mzee wangu..."

"Chomoa."

"Siwezi, mzee."

"Mimi nilikuchukulia mbele ya watu hawa hawa na hukufa. Chomoa, Trekta. Nikiuchomoa mwenyewe watasema nimechoka, na mimi sijachoka."

Nikanyoosha mkono, nikauchomoa. Yeye alivua kofia, akaiweka magotini, akatazama mbele kupitia kioo, yadi yote na watu wake, ambao labda aliwaona na labda hakuwaona. Nikafungua mlango wa kushoto nitangulie kushuka, kama inavyotakiwa.

"Ngoja kidogo," akasema. "Futa machozi kwanza. Watadhani nimekugonga na wewe."